Tunisia 11, Misri 9: maswali yenu ya mpira wa wavu

Tangu nigusie timu za taifa za wanaume za Afrika Kaskazini, maswali hayajakoma. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha, mitaa nimeibakiza.

Mwalimu, shikamoo. Kijiweni kwetu Tandika tumebishana mpaka chai ikapoa. Mimi nasema Misri ndiyo baba wa wavu Afrika, mwenzangu anasema Tunisia. Nani mkweli?

Marahaba. Mwenzako ameshinda, ila hujadanganya sana.

Ubingwa wa Afrika wa wanaume ulianza 1967, na Tunisia ndiyo iliyoubeba kwa mara ya kwanza. Hadi fainali za 2023 umechezwa mara 24. Tunisia imechukua mara 11, Misri mara 9. Makombe manne tu ndiyo yaliyotoka nje ya nyumba hizo mbili.

Kilichokuponza wewe ni miaka uliyoanza kufuatilia. Kuanzia 2005 hadi 2015 Misri ilitwaa ubingwa mara sita mfululizo: 2005, 2007, 2009, 2011, 2013 na 2015. Aliyekua akiwaona Wamisri akina Ahmed Salah wakipiga smashi, ile mipigo ya nguvu kutoka juu ya neti, miaka ile hawezi kuamini kwamba kuna timu nyingine. Kisha Tunisia ikarudi na kuchukua 2017, 2019 na 2021, ule wa 2021 ukiwa jirani yetu hapa Kigali, walipoifunga Kameruni kwenye fainali. Mwaka 2023 Misri ikalirudisha kombe Cairo.

Kwa hiyo mkirudi kijiweni, chai ya leo lipa wewe.

Hayo makombe manne yaliyobaki yalikwenda wapi? Kuna timu ya watu weusi iliyowahi kuchukua? (Msomaji, Ilala)

Ipo, Kameruni, mwaka 1989 na 2001. Mengine mawili ni ya Algeria, 1991 na 1993. Kusini mwa Sahara hakuna mwingine aliyewahi kubeba kombe la wanaume, na mimi naihesabu ile ya 2001 kuwa kubwa kuliko inavyotajwa. Tunisia ilikuwa imetoka kushinda mara tatu mfululizo, 1995, 1997 na 1999, na Kameruni ndiyo iliyoikata mbio.

Mzee mmoja hapa Magomeni anasema Misri iliwahi kwenda Olimpiki ya wavu ikaondoka bila kumaliza mechi zake. Anatupiga kamba?

Mwambieni mzee nampa heshima yake. Ni kweli, na Watanzania tunahusika.

Ilikuwa Montreal, 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand kwenye michezo. Nchi za Afrika zikagoma, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, mtu ambaye Bayi alimshinda siku ile ya rekodi.

Misri yenyewe ilikuwa imeshafika na mashindano yameshaanza. Ikajiondoa katikati, na wachezaji wa wavu wakafunga mabegi. Ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya wavu kwa Misri. Ukitazama rekodi yao unaona mechi walizopoteza bila kuingia uwanjani, na asiyejua historia atadhani walikuwa dhaifu. Mimi kila nikisoma mstari ule nawaona vijana waliofanya mazoezi miaka minne wakakubali kurudi nyumbani kwa ajili ya watu wa Soweto. Mistari ya namna hiyo ni michache kwenye mchezo huu.

Tunisia imekwenda Olimpiki mara saba na haina hata shaba. Tatizo ni urefu? (Msomaji, Mbezi)

Mara saba ni sahihi: 1972, 1984, 1988, 1996, 2004, 2012 na Tokyo 2020. Na tangu wavu uingie Olimpiki mwaka 1964 hakuna timu ya wanaume ya Afrika iliyopata medali.

Urefu unachangia, lakini mimi silaumu urefu. Kwanza tazama wanapangwa na nani. Tokyo, Tunisia iliwekwa kundi moja na Ufaransa, Urusi, Argentina, Brazili na Marekani. Ikapoteza mechi zote tano. Mwisho wa mashindano, Ufaransa dhahabu, Urusi fedha, Argentina shaba, Brazili ya nne. Nusu fainali nzima ilitoka kundi lile! Paris 2024 ikawa zamu ya Misri: Poland, Italia na Brazili. Poland ikamaliza na fedha, Italia ya nne.

Pili, na hili ndilo ninaloling'ang'ania, mechi ni chache. Ligi ya Mataifa ya wavu, inayokutanisha timu za taifa kila mwaka, ilianza 2018, na hadi msimu wa 2025 hakuna timu ya wanaume ya Afrika iliyocheza humo. Wenzao wanakutana na sevu, yaani mipigo ya kuanzisha mchezo, za kilomita zaidi ya mia moja kwa saa kila mwaka, wiki baada ya wiki. Mtunisia anakutana nazo akifika Olimpiki. Mapokezi ya sevu hayajengwi kambini kwa wiki mbili, yanajengwa kwa kupigwa sevu ngumu mara nyingi mpaka mikono izoee.

Bado wanapambana. Rio 2016 Misri iliifunga Cuba seti 3-0, na kwenye Ubingwa wa Dunia wa 2025 kule Ufilipino, uliokuwa na timu 32, Tunisia ilivuka kundi na kuingia 16 bora.

Bingwa wa dunia sasa ni nani? (Msomaji, Kigamboni)

Italia, 2022 na 2025. Wa Olimpiki ni Ufaransa, mara mbili mfululizo.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Mbagala. Tanzania imewahi kufika Olimpiki ya wavu? Na shuleni hatuna neti, tuanzeje?

Marahaba mwanangu. Haijawahi, wala hatujawahi kubeba ubingwa wa Afrika. Wavu wetu wa wanaume umebebwa muda mrefu na timu za majeshi kama Jeshi Stars na Magereza, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ndiyo mlango wa kijana kama wewe. Tunisia wana vilabu kama Espérance na Étoile du Sahel, vinavyolea watoto tangu wadogo na kucheza ligi kila msimu. Kwetu kijana mzuri akimaliza shule, mara nyingi mpira unaishia hapohapo. Linaniuma.

Neti isiwazuie. Uwanja ni mita 18 kwa 9. Chimbieni nguzo mbili nje kidogo ya mistari ya pembeni, mfunge kamba ya katani katikati, mita 2.43 kutoka chini kwa wavulana, 2.24 kwa wasichana. Pimeni kwa futi ya fundi, msikadirie kwa macho, maana mkizoea kamba ya chini mtajuta mkifika wilayani. Wiki ya kwanza msipige smashi hata moja. Mmoja asevu, watano wapokee, mbadilishane.