Bango halifungi mlango: majibu kuhusu vidakuzi na taarifa za wageni wa tovuti

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa wenye tovuti kuliko kwa wageni wao, na hilo ni jambo jema. Mwenye tovuti ndiye anayeamua kipi kikusanywe. Mgeni hukutana na uamuzi huo ukiwa umeshafanyika.

Nina duka la vitenge mtandaoni, Morogoro. Fundi ameniwekea lile bango la kukubali vidakuzi. Sasa niko sawa kisheria?

Vidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi kwenye kivinjari cha mgeni ili imkumbuke. Bango nalo ni maandishi tu. Kinachohesabika ni kile tovuti inachofanya kabla mgeni hajagusa kitufe, na unaweza kukipima mwenyewe kwa dakika tano. Kwenye kompyuta, fungua Chrome katika hali fiche (Incognito), ingia dukani kwako, na usiguse bango. Bonyeza F12, nenda Application, kisha upande wa kushoto fungua Cookies. Ukikuta jina _ga, hicho ni kidakuzi cha Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, na kwa kawaida hupangiwa kukaa miaka 2. _fbp ni cha pikseli ya Facebook, msimbo wa kufuatilia matokeo ya matangazo, siku 90. Vikiwepo kabla hujakubali chochote, bango lako linapiga hodi huku likiwa limeshakaa sebuleni. Sasa bonyeza Kataa, futa _ga na _fbp peke yake hapo hapo, pakia ukurasa upya, uangalie kama vimerudi.

Sababu huwa ni ileile: fundi alibandika msimbo wa Analytics moja kwa moja kwenye kichwa cha tovuti, baadaye akaongeza programu-jalizi (plugin) ya bango, na viwili hivyo havijui kama vinaishi nyumba moja. Mwambie autoe msimbo ule kichwani na aufunge kwenye bango, upakiwe pale tu mgeni anapokubali. Kitufe cha Kataa kiwepo kwenye bango lenyewe tangu hatua ya kwanza, ukubwa uleule na cha Kubali. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa iliitoza Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60 kwa sababu kukubali kulikuwa mbofyo mmoja na kukataa mibofyo kadhaa. Wengi wetu tumenakili mabango hayohayo ya Ulaya pamoja na kosa lake.

Vidakuzi vya kapu la manunuzi, vya kuingia kwenye akaunti na vya kukumbuka lugha viache. Bila hivyo duka halifanyi kazi, na havihitaji kuombewa ruhusa kwa bango. Lakini kabla hujamlipa fundi, jiulize: mara ya mwisho ulifungua ripoti za Analytics lini? Kama hukumbuki, ing'oe kabisa. Pikseli nayo ing'oe kama hulipii matangazo. Ukishazing'oa, huenda bango lenyewe halina kazi tena.

Na hilo ni la vidakuzi peke yake. Majina, namba za simu na anwani za wateja unazohifadhi zinakuweka chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na wakusanyaji wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Bango halisajili mtu.

Kidakuzi kinaweza kuwa na virusi?

Hapana. Ni maandishi mafupi, kama baiti 4,096 tu kwa juu, ambayo seva humkabidhi kivinjari na kivinjari huirudishia kila kinapoomba ukurasa. Hakiendeshi programu yoyote.

Naweza kunakili sera ya faragha ya tovuti nyingine nikabadilisha jina?

Swali hili linaletwa kila mara, na jibu halijabadilika: usinakili. Sera ni tamko la unachofanya wewe. Ukinakili, unaahidi mambo usiyoyafanya na unaficha unayoyafanya. Zipo tovuti za Dar es Salaam zinazowaeleza wateja haki za wakazi wa California lakini hazitaji kampuni ya SMS inayopokea namba ya kila mteja wao. Chukua karatasi, pita fomu moja baada ya nyingine, andika kila kisanduku: kinauliza nini, kwa nini, nani mwingine anapata jibu, linafutwa lini. Kisanduku usichoweza kukieleza, kitoe kwenye fomu. Karatasi hiyo ndiyo sera yako. Iandike kwa Kiswahili kama wateja wako wanaagiza kwa Kiswahili.

Chuo chetu, Mombasa, kinapokea maombi kwa fomu ya WordPress: vyeti, picha na nakala ya kitambulisho. Viungo vya mafaili hayo hatujaviweka popote. Kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa kuliko vidakuzi vyote vilivyotajwa hapo juu. Kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, programu-jalizi nyingi za fomu huweka mafaili ndani ya wp-content/uploads, na folda hiyo iko wazi kwa dunia nzima kwa sababu ndimo zinamotolewa picha za tovuti. Andika anwani ya tovuti yenu ikifuatiwa na /wp-content/uploads/ kwenye kivinjari ambacho hamjaingia kama wasimamizi. Yakitokea maneno "Index of" na orodha ya miaka, bonyeza mwaka, bonyeza mwezi. Kama utaona kitambulisho.pdf, kitambulisho-1.pdf, kitambulisho-2.pdf, basi mtu yeyote naye anaviona. Kisha tafuta Google kwa site: ikifuatiwa na jina la tovuti yenu, pamoja na filetype:pdf. Yakitokea mafaili ya waombaji, yameshasambaa.

Mstari Options -Indexes kwenye .htaccess, faili la mipangilio la seva ya Apache, utaficha orodha. Hautafunga faili. Anayebahatisha jina bado atalipata, na kubahatisha namba 1 hadi 500 ni kazi ya sekunde chache kwa programu. Dawa ni kuhamishia mafaili nje ya public_html, folda ambayo vilivyomo hufikika mtandaoni, na kuyatoa kwa msimbo unaohakikisha kwanza kwamba anayeomba ameingia kama ofisa wa udahili. Msijaribu kuyaficha kwa robots.txt, faili linaloziambia injini za utafutaji kama Google zisipite wapi. Faili hilo husomwa na yeyote, kwa hiyo mtakuwa mmemwelekeza mwizi chumba cha kuanzia.

Mkikuta yalikuwa wazi, kabla ya jambo lolote nakilini kumbukumbu za seva, zile access log, mahali salama. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huzifuta baada ya siku chache, na ndizo pekee zitakazowaonyesha nani alipakua nini. Ikionekana watu wasiohusika wameyafikia na waombaji wanaweza kudhurika, sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inawapa saa 72 tangu mjue kumjulisha Kamishna wa Data. Waombaji wenyewe nao waambiwe.

Mmeuliza ulinzi, nami nawauliza haja: kitambulisho ni cha nini wakati wa maombi? Aombe bila nakala, aje nayo siku ya usajili. Wakiomba 300 mkachukua 40, kuna watu 260 ambao vitambulisho vyao vinakaa kwenu bila sababu yoyote.

Tunaweka picha za wanafunzi wa msingi kwenye tovuti ya shule. Wazazi hawajawahi kulalamika.

Kutolalamika si ridhaa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Chukueni idhini ya maandishi, ya picha kwa matumizi ya tovuti, isifungwe ndani ya fomu ya karo. Ambaye mzazi wake hajasaini, picha yake itoke leo.

Nikitumia hali fiche, tovuti hainijui?

Hali fiche hufuta vidakuzi na historia kwenye kifaa chako ukifunga madirisha yake yote. Anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti, tovuti bado inaiona. Ukiingia kwenye akaunti yako, inakujua kwa jina.

Mteja wa Nakuru ametaka tufute taarifa zake zote. Tuanzie wapi?

Kenya mna siku 14. Hakikisheni ni yeye kwa kutuma ujumbe kwenye barua pepe au namba iliyoko kwenye rekodi zenu. Msimdai nakala ya kitambulisho: mtu anaomba mpungue nanyi mnataka kuongeza! WordPress ina kifaa cha kufuta taarifa binafsi chini ya Tools, ila hakigusi kisanduku cha barua pepe, jedwali la Excel la mhasibu, simu ya WhatsApp ya kaunta wala orodha iliyoko kwa kampuni ya SMS. Piteni kote huko. Ankara zinabaki, kwa kuwa sheria ya kodi inataka zitunzwe miaka 5. Mwambieni hivyo waziwazi. Na mkirudisha tovuti kutoka nakala rudufu, jina lake litafufuka, basi wekeni daftari la waliofutwa mlipitie kila mnaporudisha.

Fomu yangu ya kufuatilia mzigo inafanya kazi vizuri, ila namba ya simu ya mteja inaonekana juu kwenye anwani baada ya alama ya kuuliza. Ni tatizo?

Ndiyo, lirekebishe leo. Umetumia GET, njia ya kutuma fomu inayoweka majibu ndani ya anwani. Namba hiyo inabaki kwenye historia ya kivinjari, kwenye kumbukumbu za seva, na kama ukurasa una Analytics, inatumwa Google, ambao masharti yao yenyewe yanakataza kupelekewa taarifa za kumtambulisha mtu. Kwenye msimbo wa fomu badilisha method iwe POST, isiyoweka majibu kwenye anwani, kisha mtume mteja kwenye ukurasa wa jibu usio na namba kwenye anwani. Kumbukumbu za zamani zenye namba zifute, pamoja na zile ambazo seva imeshazibana kuwa mafaili ya .gz, maana hizo ndizo husahaulika.