Viazi vya Mbeya, bodaboda na mkaa

SWALI: Naishi Tabata. Nimeacha viazi vya Mbeya, nanunua mihogo na mchicha wa hapa karibu tu ili nisichafue mazingira. Nipo sahihi?

JIBU: Kidogo tu. Tupige hesabu. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830. Lori la tani 10 linalokunywa lita 30 kila kilomita 100 humaliza lita 250 hivi za dizeli. Lita moja hutoa kilo 2.7 za hewa ukaa (gesi inayoongeza joto duniani), kwa hiyo jumla ni kama kilo 675. Gawa kwa kilo 10,000 za viazi: gramu 67 kwa kilo. Likirudi tupu, zidisha mara mbili.

Sasa chukua boda hadi soko la Buguruni na kurudi, tuseme kilomita 10, kufuata kilo 2 za viazi hivyo. Imechoma robo lita ya petroli, yaani zaidi ya gramu 550, karibu 290 kwa kila kilo. Boda imelipita lori! Nunua gengeni kwa miguu, au fuata mzigo wa wiki nzima kwa safari moja.

Kinachovuruga hesabu hii ni ndege: tunda lililosafirishwa kwa ndege hubeba hewa ukaa ya safari mara makumi zaidi ya lililokuja kwa meli. Na nyama ya ng'ombe, hata awe wa mnada wa Pugu hapo karibu, ukaribu haumsafishi, kwa sababu methani, gesi nyingine inayoongeza joto, inatoka tumboni mwake. Maharage ya mbali yanamshinda.

Ila mzigo mkubwa uko jikoni kwako. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa, na hapo sijahesabu kuni zilizopotea tanurini. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji, funika sufuria, yakichemka punguza moto. Nyanya na ukwaju tia yakishaiva. Uchachu huyafanya yakatae kulainika, nawe unaongeza mkaa bure.

Nyanya za tenga angalia za chini, hupondwa na uzito wa za juu. Zikioza 3 kati ya 10, zile 7 zimebeba nauli ya zote.

Mihogo na mchicha endelea navyo. Mchicha nunua asubuhi, uufunge kwa kitambaa kibichi, na uulize bustani inamwagiliwa maji gani: ya mto unaopokea majitaka hayafai, hata kama bustani iko nyuma ya nyumba yako.