Re: h-indeksi 20 na sitesheni maelfu, yawezekana?

Yawezekana yakhe, mtu awe na h-indeksi (kipimo cha makala za mtafiti zinavyotajwa) ya 20 tu na bado awe na sitesheni, yaani kutajwa na watafiti wengine, maelfu; hiyo 20 maana yake huyo mtafiti wako wa ubongo ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa na wenzake mara 20 au zaidi, sasa makala moja hata itajwe mara elfu tano bado inahesabika moja tu. Ndo hesabu aliyoileta Hirsch 2005, naye mtu wa fizikia wala si wa ubongo lol. Kwa mfano wa makala moja iliyotajwa sana, mcheki Eleanor Maguire, mtafiti wa ubongo, makala yake ya 2000 ya madereva teksi wa London, hipokampasi zao (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu na njia) upande wa nyuma zilikuwa kubwa kuliko za wengine (nikipanda tuktuk pale Mwembe Tayari huikumbuka). Kwa huyo mtafiti wako, mie ningeangalia kwanza jina lake liko mwanzo ama mwisho wa orodha ya waandishi wa makala, likiwa katikati ya watu 30 hujui alifanya nini.