Mtoto ana bronkiolaitisi, ninunue nebulaiza nimvukizie maji ya chumvi nyumbani?

Pole sana dada na mtoto. Umeuliza kama ununue nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta, umvukizie mwanao wa miezi mitano maji ya chumvi hapo nyumbani, sababu jirani kakwambia yanakata makohozi. Mimi ningekushauri hiyo hela uiache kwanza, binti yangu alilazwa na huohuo ugonjwa akiwa mdogo kuliko wako so hili nimelipitia.

Ni virusi hivyo, mara nyingi RSV, sisi wakubwa vinatupa mafua tu yanapita ila kwa mtoto vinashuka mpaka kwenye vijia vidogo kabisa vya mapafu, vinavimba vinajaa ute ndo unasikia kifua kinapiga filimbi. Chumvi wanayotumia hospitali ni ile kali ya asilimia 3, inavuta maji ute ulainike utoke. Ile ya kawaida ya asilimia 0.9 haina nguvu hiyo, kwenye tafiti nyingi ndo wanayoitumia kulinganishia.

Wodini binti yangu walimpa. Nesi anamshikilia kile kimaski, mvuke unatokea pembeni, mtoto analia mpaka anakuwa mwekundu, akimaliza anakohoa weee halafu wanamvuta makamasi. Kwa macho yangu sikuona mabadiliko makubwa hapo. Kilichombadilisha ni oksijeni, maana ile klipu ya mguuni inayopima oksijeni kwenye damu ilikuwa inasoma asilimia 86 na walipomuwekea ikapanda ikavuka 90, pia mpira wa puani wa kumlishia maziwa niliyokamua kwa sababu kunyonya na kuhema kwa pamoja vilikuwa vimemshinda kabisa. Hata wataalamu hawajakubaliana, mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema msiwape, madaktari wa watoto Marekani 2014 wakasema kwa waliolazwa inaweza kutumika ila sio pale emajensi. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona inaweza kupunguza muda wa kulazwa kwa wastani usiofika hata nusu siku, na ushahidi wenyewe sio imara.

Sasa wewe nyumbani bila oksijeni bila mtu wa kumpima unataka nini na mashine? Na naomba sana usije ukakoroga chumvi ya jikoni ukaiweka humo, hayo maji sio salama kuingia kwenye mapafu. Kumfukizia kwa beseni la maji ya moto nako hapana, watoto wanaungua jamani.

Fanya hivi, nunua matone ya puani ya salaini famasi, muwekee kabla ya kunyonya na umvute makamasi taratibu, mnyonyeshe kidogokidogo mara nyingi. Akilala mfunue kifua umhesabie pumzi dakika nzima, kwa umri wake 50 kwenda juu ni haraka mno, mpeleke. Mbavu zikiwa zinaingia ndani, akiguna kila akipumua, akigoma kunyonya, midomo ikiwa ya bluu au akiacha kuhema hata kwa muda mfupi, usisubiri asubuhi, kodi bajaji muende usiku huohuo.

Siku ya 3 mpaka ya 5 ndo huwa mbaya zaidi, kikohozi kinaweza kuburuza hadi wiki tatu hata kama mtoto kashapona. Antibayotiki haziui virusi, mtu asikuuzie. Hebu tuambie leo ni siku ya ngapi tangu mafua yaanze na ananyonyaje?