Maswali ya Wasomaji: Kibonge Anaweza Kuwa Amedumaa?

Mwezi huu tumezijibu barua nne za wasomaji wa Kigoma na Tabora. Kila mwandishi anauliza kwa namna yake, lakini barua zote zinahusu jinsi mwili wa mtoto unavyokua na unavyopimwa.

Mwanangu wa kiume ametimiza miaka miwili mwezi huu. Kliniki walimpima wakapata kilo 11.5 na urefu wa sentimeta 80, wakaniambia amedumaa. Nilishtuka, kwa maana ana mashavu na mapaja, majirani wanamwita kibonge, na uzito wake kwenye kadi haujawahi kushuka. Asubuhi anakunywa uji wa muhogo wenye sukari, mchana na jioni ugali wa muhogo kwa mchuzi wa dagaa. Mtoto mnene anapataje utapiamlo? — Mama, Ujiji

Mama, aliyekupa habari hiyo hakukosea, wala wewe hukukosea ulipoona kwamba mtoto ana mwili. Mizani hutoa jumla tu: hukusanya mifupa, misuli, mafuta, maji na hata uji aliotoka kunywa, kisha hutupa namba moja. Kwa kilo 11.5 mwanao hayuko mbali na mvulana wa kati wa umri wake, ambaye kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani ana kilo 12.2. Urefu ndio wenye habari nyingine. Mvulana wa kati wa miaka miwili akisimama hufika sentimeta 87.1, na aliye chini ya sentimeta 81.0 huhesabiwa kuwa amedumaa. Mwanao ana uzito unaokaribia wa wenzake, lakini umebebwa na kimo kifupi, na ndiyo maana macho ya majirani yanaona kibonge.

Hata hivyo, kabla hujakosa usingizi, mrudishe apimwe mara ya pili. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa kwenye ubao, na aliyetimiza miaka miwili hupimwa akiwa amesimama bila viatu, visigino vikigusa ubao. Akilala hupata takriban sentimeta 0.7 zaidi ya akisimama. Kwa mwanao sentimeta 80 ni pungufu kwa njia zote mbili, lakini goti lililokunjwa au tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kimakosa huweza kuharibu hesabu yote, na mzazi ana haki ya kuomba kipimo kirudiwe.

Tukikubali kwamba kipimo ni sahihi, swali linalobaki ni kwa nini mafuta yapo na urefu haupo. Mtoto mchanga aliyezaliwa kwa miezi kamili huongezeka urefu wa takriban sentimeta 25 katika mwaka wa kwanza na takriban 12 katika mwaka wa pili. Hakuna wakati mwingine baada ya kuzaliwa ambapo mwili hurefuka kwa kasi hiyo. Katika miezi sita ya mwanzo mwili pia huweka akiba ya mafuta, ambayo hufika takriban robo ya uzito wote, kisha sehemu hiyo hupungua polepole hadi mtoto anapokaribia kuanza shule. Mashavu ya mtoto wa kunyonya ni jambo la kawaida kabisa. Lakini mafuta yanaweza kutokana na wanga na sukari tu, ilhali mfupa na msuli vinahitaji protini iliyo bora, madini ya zinki na vingine ambavyo muhogo, kwa bahati mbaya, una kidogo sana. Mtoto anapokosa hivyo, au anapougua kuhara na homa mara kwa mara, mwili hupunguza kurefuka ili kuendesha mambo ya lazima. Uzito uliopotea unaweza kurudi ndani ya wiki chache. Urefu hurudi kwa miezi, na si wote.

Sasa niseme wazi jambo lililonigusa katika barua yako: umeandika kwamba mtoto anakula *mchuzi* wa dagaa. Katika nyumba nyingi mtoto humwagiwa mchuzi juu ya ugali, na dagaa wenyewe hubaki kwa wakubwa kwa hofu kwamba watamkwama kooni. Mchuzi una ladha ya dagaa, lakini protini na kalisi vimo ndani ya dagaa. Wachambue dagaa waliokauka vizuri, wakaange bila mafuta, watwange na kuwachekecha, halafu weka unga huo katika uji na katika mboga ya mtoto kila siku. Uji usiwe maji: tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza kabla hajapata cha kumjenga. Kijiko cha mawese mekundu huongeza nguvu na pia viambata ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ila ukiyachoma mpaka yapoteze rangi umevipoteza pamoja nayo. Ongeza maharage yaliyopondwa na mboga za majani, na kama bado ananyonya, usimwachishe kwa sababu ya habari hii.

Huenda utaambiwa kwamba dawa ni yai moja kila siku. Yai ni chakula kizuri sana, lakini watafiti wamelijaribu jambo hili kwa uangalifu na majibu hayakulingana. Nchini Ekwado, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba watoto waliopewa yai kila siku kwa miezi sita walirefuka kuliko wenzao. Jaribio kama hilo likafanyika Malawi, katika wilaya ya Mangochi iliyo kando ya ziwa, na matokeo yake ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti ya urefu. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba watoto wa Mangochi walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa mama wa Ujiji, ambaye mwalo wa Kibirizi hauko mbali naye, naliona hilo kuwa habari ya matumaini: anachokikosa mtoto kinaweza kuwa tayari kimo katika sufuria ya nyumbani.

Na usiache kumpima kwa kudhani kwamba miaka miwili imepita na mlango umefungwa. Nchini Guatemala, kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye protini na nguvu nyingi, na wa vijiji vingine viwili walipewa kinywaji chepesi kisicho na protini. Waliopata uji katika miaka mitatu ya mwanzo ndio waliorefuka zaidi, na hilo linathibitisha umuhimu wa umri wa mwanao. Walipokuwa watu wazima walifuatwa tena, ikaonekana kwamba wanaume waliopata uji huo kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa na ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 46. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa imetokana na sentimeta chache za kimo peke yake. Mtoto anayeanza kulishwa vizuri leo ananufaika akilini na katika kinga ya mwili hata kama kimo hakitafika cha wenzake.

Mke wangu na mimi ni wafupi. Mama yangu mzazi anasema ukoo wetu wote ni wafupi, kwa hiyo binti yetu wa miezi 14 tusimsumbue kwa vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu. Je, ana makosa? — Baba, Urambo

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Kimo hurithiwa, na wazazi wafupi wanaweza kupata mtoto mfupi aliye na afya kamili. Lakini viwango tunavyotumia, vilivyotolewa mwaka 2006, havikutokana na watoto wa Ulaya peke yao. Kati ya mwaka 1997 na 2003 watoto walipimwa katika nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Wote walinyonyeshwa, mama zao hawakuvuta sigara, na hali ya nyumbani iliwaruhusu kukua. Tofauti ya urefu kati ya nchi na nchi ilikuwa takriban asilimia 3 tu ya tofauti zote, na takriban asilimia 70 ilikuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya nchi ileile. Mtoto wa Ghana aliyetunzwa vizuri alirefuka kama wa Norwe.

Kwa hiyo ukoo unaweza kueleza kwa nini binti yako yuko chini kidogo ya mstari wa kati. Hauwezi kueleza kwa nini mstari wake mwenyewe unainama. Mtoto mfupi kwa kurithi hufuata njia yake mwezi hadi mwezi, sambamba na mistari iliyochapwa kwenye kadi. Anayedumaa huanza vizuri kisha anaachwa, mara nyingi kati ya miezi 6 na 24. Pia jiulize kama wewe na mkeo mlipata chakula cha kutosha mlipokuwa wadogo, kwa sababu ufupi wa kukosa chakula nao hupita katika familia ukafanana kabisa na urithi. Endeleeni kumpima. Kipimo kimoja hakisemi mengi, ila vipimo sita vikifuatana husema karibu kila kitu.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Darasani tuliambiwa kwamba watafiti huwanywesha watoto “maji mazito” ili kujua kiasi cha mafuta mwilini. Je, si mionzi hiyo? — Mwanafunzi, Tabora mjini

Hapana. Maji hayo yana haidrojeni iliyo nzito kidogo, iitwayo duteri, ambayo haitoi mionzi na tayari imo kwa kiasi kidogo mno katika maji yote, yakiwemo ya kisima cha kwenu. Mtoto hutoa mate, hunywa dozi iliyopimwa, kisha hutoa mate tena baada ya saa kadhaa. Fikiria kijiko cha chumvi kikitiwa katika kata ya maji na kingine katika mtungi: ukionja, utajua chombo kipi kina maji mengi. Vivyo hivyo, kadiri duteri inavyozimuliwa ndivyo tunavyojua kiasi cha maji mwilini, na kwa kuwa mafuta karibu hayana maji, tunakokotoa uzito wa misuli na viungo vingine, na kinachobaki katika uzito wote ni mafuta.

Utaona faida yake ukikumbuka barua ya kwanza. Utepe wa mkono, ambao kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 huonyesha ukondefu mkali pale mzingo wa sehemu ya juu ya mkono unapokuwa chini ya sentimeta 11.5, huokoa maisha kwa haraka, lakini hauelezi ikiwa mtoto aliyetibiwa amerudisha msuli au amenenepa tu. Watafiti wanahitaji jibu hilo ili kupanga vyakula vya tiba. Zahanati haihitaji maji hayo. Inahitaji mizani iliyosawazishwa na ubao ulionyooka.

Nauza unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya na karanga. Wateja wanasema nafaka zikiwa nyingi mtoto anakua haraka. Ni kweli? — Mfanyabiashara, Nzega

Si kweli. Nafaka tano bado ni kundi moja la chakula. Inatosha moja au mbili pamoja na soya au karanga. Kila kitu unachoongeza ni nafasi nyingine ya kuingiza ukungu, na sumukuvu inayotokana nao imehusishwa katika tafiti za Afrika Magharibi na watoto kushindwa kurefuka. Kukaanga hakuimalizi. Chambua karanga zote zilizosinyaa au kubadilika rangi kabla ya kusaga, usinunue zilizonyeshewa, na usage kiasi kinachoweza kuisha ndani ya wiki chache.