Kabla Hujanunua Shokapu za Gari Lako Lenye Nguvu

Gari langu lina nguvu za farasi zaidi ya 400, na zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Siku ya kwanza niliyolipeleka uwanja wa mafunzo, lami ikiwa imelowa, lilizunguka likasimama likitazama nilikotoka. Nililaumu springi.

Nikanunua springi ngumu, shokapu za kurekebishwa na stabilaiza nene, yaani fito za chuma zinazounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale, nikalishusha sentimita 3. Likatulia kweli, likawa halilali tena kwenye kona. Nikarudi uwanjani, kona ileile, na kosa lilelile: niliingia na mwendo mwingi, nikaogopa, nikaachia mafuta ghafla. Nyuma ikachomoka. Safari hii mwendo ulikuwa mkubwa kuliko wa mwanzo, na sikupata onyo. Zile springi laini zilikuwa zikiliinamisha gari na kuniambia mapema. Hizi ngumu zilinyamaza mpaka tairi zilipoachia.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Ukiachia mafuta katikati ya kona, uzito unahamia mbele na tairi za nyuma zinabaki nyepesi wakati bado zinatakiwa kushika. Kiasi cha uzito unaohama kinategemea kimo cha kitovu cha uzito, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ukali wa kupunguza mwendo. Ugumu wa springi haumo kwenye hesabu hiyo. Springi ngumu inapunguza kuinama, inabadili kasi ya uzito kufika, na kwenye kona inabadili mgawanyo kati ya mbele na nyuma. Lakini uzito uhame kwa kishindo au taratibu, anayeamua ni mguu wako.

Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilikuwa na nguvu za farasi 260 tu, injini ikiwa nyuma kabisa. Turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ilichelewa, kisha ikamwaga nguvu kwa mkupuo. Dereva akishtuka na kuachia mafuta, mkia unatoka. Leo nguvu hizo unazikuta kwenye magari ya familia, na miguu yetu ni ileile.

Mwalimu wangu aliazima gari la mwanafunzi mwingine, aina moja na langu, lenye springi za kiwandani, akaniacha mbali. Baadaye alinitia kwenye duara lenye maji, gia ya pili, kilomita 40 kwa saa, siku nzima. Macho yatazame unakotaka kwenda, si boneti. Breki uzikanyage gari likiwa limenyooka, kisha uziachie kidogo kidogo kadiri usukani unavyokata. Mafuta uyaongeze kadiri usukani unavyonyooka. Sehemu ya kila tairi inayogusa lami ni kama kiganja cha mkono, na uwezo wake wa kushika ni mmoja: ukiumaliza kwenye breki, wa kukata kona haupo. Niliumia shingo siku ile, lakini nilijifunza zaidi kuliko miezi yote niliyokaa chini ya gari na spana.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye tairi nzuri, na upepo uupime zikiwa za baridi. Ya pili kwa mwalimu. Sisemi shokapu hazina maana: iliyovuja mafuta inaiacha tairi ikirukaruka juu ya lami, na hiyo ibadilishe leo, pamoja na bushi zilizochoka, kisha ufanye alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu. Huko ni kulirudishia gari afya yake. Na ukiwa barabarani, tafadhali usizime mfumo wa kuzuia kuteleza. Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 140, nishati ya kumalizwa ili gari lisimame inakaribia mara mbili.

Muda wa kurekebisha ni pale unapoweza kutaja gari linafanya nini na wapi: mbele inateleza wakati wa kuingia, au nyuma inaachia wakati wa kutoka. Mimi ilinichukua mwaka mzima. Nyuma ilikuwa inaachia kila nilipoongeza mafuta kutoka kwenye kona za polepole, hata mguu ukiwa mpole, nikalegeza stabilaiza ya nyuma kwa kuihamisha tundu moja la kufungia. Ikashika. Vingine vyote nimeviacha vilivyo.