Jibu: Kozi za hiari mwaka wa mwisho, fizikia

Mdogo wangu, umeuliza uchukue zipi mbili kati ya jiofizikia, fizikia ya tiba, elektroniki na fizikia ya nyota, huku ukiwaza ajira. Mimi ningeanza na jiofizikia, yaani fizikia ya ardhi na miamba. Mafuta ya Ziwa Albert hapa Uganda, kwenye miradi ya Tilenga na Kingfisher, yanahitaji watu wanaosoma mawimbi ya mtetemo yanayorudi kutoka kwenye miamba, lakini usitegemee mafuta peke yake. Visima virefu vingi vya vijijini huanza na mtu anayepima ukinzani wa ardhi kwa umeme, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita, ili kukisia maji yalipo: vyuma vinne vinachomekwa kwa mstari, mkondo unapitishwa kwenye viwili vya nje, volteji inasomwa kwenye viwili vya ndani, kisha nafasi inapanuliwa ili kupima chini zaidi. Anayeijua kazi hiyo vizuri hutafutwa.

Fizikia ya tiba inaokoa watu, na Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, hutumia mashine za mionzi. Ila shahada ya kwanza haitoshi; utahitaji uzamili na mafunzo ya hospitalini. Kama nyumbani wanasubiri mshahara wako, lipime hilo kwanza.

Ya pili chukua elektroniki. Nyota nazipenda kwa dhati, na kama moyo wako uko huko usijinyime, mradi kozi ikufundishe kuandika programu za kuchambua data. Ujuzi huo unatakiwa benki, kwenye kampuni za simu, hata kwenye utabiri wa hali ya hewa. Kabla hujajaza fomu, waulize waliokutangulia ni kozi ipi ina maabara yenye vifaa vinavyofanya kazi.